Macho ya Mpita Uani

Jumanne, 2 Septemba

Macho mengine leo. Nimepaka rundo zima kabla wateja hawajaanza kuingia. Printa ya hapa steshenari ni ya wino mweusi tu, kwa hiyo kila kopi ya katuni yangu naitia wekundu kwa mkono, kwa kalamu ileile ya walimu ya kusahihishia. Jicho la kulia, jicho la kushoto, kopi inayofuata. Vidole vyote vyekundu. Mteja aliyekuja kupiga picha za pasipoti aliniuliza kama nimejikata.

Umeme umekatika asubuhi hiyohiyo. Masanja, mwenye duka, akatoka kupiga soga barazani. Mimi nikabaki nawaza picha la kutisha nililotazama jana. La Kizungu, limetafsiriwa na dijei anayecheka mahali pa kulia. Mwanamke anatembea kwenye korido, anatembea, anatembea. Korido! Nyumba gani ya Bariadi ina korido ndefu kiasi kile? Woga wetu hauwezi kukaa kwenye korido. Unakaa uani. Choo kiko nje, jiko liko nje, maji yako nje. Mtu wa huku akitaka kuogopa anafungua tu mlango wa nyuma.

Ndiyo maana katuni yangu inaitwa Mpita Uani. Kikongwe anapita nyuma ya nyumba za watu, na kukicha kuna kitu kimekufa. Imebaki sura ya mwisho. Mhariri wangu wa Dar es Salaam, ambaye anaisambaza kwenye simu za watu, anaitaka kabla mwezi haujaisha. Ameshaniambia anachotaka. Moto. Wanakijiji wenye mienge, kikongwe ndani ya nyumba yake.

Sijakataa.

Alhamisi, 4 Septemba

Masanja anasema kopi zimefika Nyashimo, Nyalikungu na hata Lalago kwetu. Makonda wanazibeba pamoja na vifurushi vya watu. Nimefurahi kama mjinga.

Nesi mmoja alikuja kutoa kopi ya cheti akanilaumu. Tangu asome sura ya tatu, usiku haendi chooni mpaka amwamshe mume wake amsindikize. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Jambo moja nimejifunza katika kazi hii, wala sikufundishwa na mtu. Usichore tendo. Chora kikongwe amesimama kwenye uzio wa minyaa. Kisanduku kinachofuata, chora ndama amelala, miguu imekakamaa. Kati ya kisanduku na kisanduku pana nafasi nyeupe, nyembamba kama uzi. Pale sichori kitu. Msomaji anaingia mwenyewe na kuimalizia kazi, kwa kile alichokuja nacho kutoka nyumbani kwake.

Naijivunia nafasi ile kuliko michoro yenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada mke wa mchungaji alinishika mkono. "Minza, mkono huu Mungu kakupa, kwa nini usichore Yesu na watoto?" Nikamwambia hata kwenye Biblia wafu wanafufuka na kutembea. Hakucheka. Mimi na mdomo wangu.

Lakini swali lake limenikaa. Kwa nini napenda kuogopesha watu?

Jibu ni bibi. Bibi Kabula, mama yake mama, aliyenilea Lalago. Alikuwa ananisimulia hadithi jikoni akisonga ugali. Moshi ulijaa mpaka sura yake ilikuwa haionekani, nasikia sauti tu. Akifika pale pa kutisha ananyamaza. Anasonga. Mwiko unagonga chungu. Mimi nimejikunja kwenye kigoda, nakufa. Halafu anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Ile nafasi nyeupe ninayojisifia ni ya kwake. Mimi niliihamishia kwenye karatasi tu.

Na sikuchukua ukimya wake peke yake. Pasaka nilimpiga picha na simu, amekaa mlangoni mwa jiko, kofia yake ya sufu yenye kishungi, macho mekundu. Mekundu hasa. Kuni kule zimekuwa hadithi, watu wanapikia miti ya pamba na samadi kavu, na moshi wake unawasha kama pilipili. Nilipomtafuta Mpita Uani niliiweka ile simu pembeni ya karatasi nikachora. Pua nilibadilisha. Mdomo nilibadilisha. Kofia na macho nikaviacha, maana vilitoka vizuri mno.

Nilijiambia ni namna ya kumshukuru.

Jumanne, 9 Septemba

Mjomba Luhende kapiga simu. Mji wake umepakana na wa bibi, ndiye anayemwangalia. Anasema watoto wakipita kwenye uzio wa bibi wanaimba "Mpita Uani, Mpita Uani," kisha wanatimua mbio. Bibi hajui maana yake. Anadhani ni wimbo wa shuleni, anawapungia mkono.

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumatano, 10 Septemba

Mjomba tena. Safari hii sauti iko chini.

Ndama wa mama Shija amekufa, siku kadhaa sasa, jana aliogopa kuniambia. Mama Shija ni jirani wa upande wa pili wa uzio. Kila jioni alikuwa anakuja na kigae kuomba moto kwa bibi, maana moto wa bibi hauzimiki. Tangu ndama afe hajaja. Wala mwingine yeyote. Bibi alikwenda kwenye pampu ya maji, wanawake wakamwachia nafasi. Si nafasi ya heshima. Na kwenye mashine ya kusaga mtu kabandika ukurasa wa katuni yangu. Ule wa kikongwe kwenye uzio wa minyaa. Kisanduku kinachofuata, ndama.



Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Mwanamke mzee, macho mekundu, ng'ombe aliyekufa. Nimekua nikisikia ni kikongwe gani alikatwa mapanga kwa kuitwa mchawi, na wapi. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Na bado nilikaa kwenye kaunta, nimewasha redio, nikatia jicho la kulia, jicho la kushoto, kopi inayofuata.

Nilifikiri karatasi ni nchi nyingine. Kwamba kinachotokea huko kinabaki huko.

Pale kwenye nafasi yangu nyeupe watu wamemweka bibi yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeacha kupaka. Kopi zilizobaki nimezichana, Masanja ananishangaa.

Mhariri kaandika kwa furaha. Watu wanatumiana katuni kama moto wa nyika, anasema. Nikamweleza habari za bibi. Akasema pole sana. Kisha akasema tuweke maneno chini ya ukurasa, kwamba hadithi hii ni ya kubuni na mfanano wowote ni wa bahati mbaya. Si mtu mbaya. Ila kule kwao macho mekundu ni ya mtu aliyekosa usingizi.

Mfanano wa bahati mbaya! Kofia nimeichora mshono kwa mshono.

Mjomba kasema vijana wanazungumza kuwaita lambalamba, wale waganga wanaonusa wachawi nyumba kwa nyumba. Serikali imewakataza, lakini wanakuja. Wakija wanajua wanakotakiwa kwenda.

Keshokutwa naenda Lalago.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimefika mchana. Bibi yuko jikoni, nimeuona moshi kabla ya kumwona yeye. Nikamwamkia Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akaitikia bila kugeuka, kanijua kwa hatua. Amepungua. Kapika michembe ya karanga, vile viazi vitamu vya kukausha, kana kwamba aliambiwa nakuja.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakanitoka. Nikampa katuni tu.

Hajui kusoma, lakini picha zinasomeka. Aliishika mbali na macho, akafunua polepole. Akamsifia mbwa niliyemchora ukurasa wa pili. Akafika kwenye kikongwe. Akakaa naye muda mrefu. Akaivua kofia yake, akaiweka juu ya karatasi, kishungi kwa kishungi.

"Ni mimi huyu."

Nikasema ndiyo.

"Ndiyo maana watoto wanaimba."

Ndiyo, bibi.

Sikulia. Ningelia angenibembeleza, na sikustahili kubembelezwa. Alinirudishia katuni. Kisha akaniita mwanangu, kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imesahaulika, "Ng'wanawane, umechora macho. Moshi uko wapi?"

Nimejificha nyuma ya jiko naandika. Moshi uko wapi.

Jumapili, 14 Septemba

Mwenyekiti wa kitongoji kaitisha mkutano asubuhi, mjomba ndiye aliyemwomba. Watu wengi. Mama Shija kakaa nyuma kabisa, khanga mdomoni. Bibi hakuja, mjomba alimkataza.

Nikasimama. Nikawaonyesha picha ya simu, nikawaonyesha mchoro. Nikasema mchawi huyu nimemtunga mimi, kwenye kaunta, Bariadi. Hakuwahi kuwepo. Nilisema vizuri, nadhani. Kijana mmoja aliyevaa jezi akanyoosha mkono kwa adabu kabisa. "Dada, umesema umemtunga. Sasa kati ya bibi wote wa dunia, kwa nini mkono wako ulikwenda kwake?"

Watu wakaguna. Ule mguno naujua, ni wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Hata mjukuu wake kamchora. Mjukuu wake mwenyewe. Wanasema wa ndani ndio wanaojua.

Mwenyekiti akapiga marufuku lambalamba. Akasema atakayemgusa mayu Kabula ataonana na polisi. Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Wakati wa kutoka hakuna aliyenipa mkono.

Nilikuja kuzima, nimechochea. Picha ilisema kwa kisanduku kimoja, mimi nikahutubia asubuhi nzima na bado picha imenishinda. Najichukia leo.

Jumanne, 16 Septemba

Bibi yuko hapa Bariadi, chumbani kwangu. Hakutaka. Mjomba alimwambia ni kwa ajili ya matibabu ya macho na hapo ndipo alipokubali, nusu.

Hospitali wamempa dawa ya matone. Daktari kasema ni moshi wa miaka mingi, asikae tena kwenye moshi. Bibi akamuuliza, kwa Kisukuma, sasa atapikia wapi. Daktari alicheka kidogo akageukia karatasi zake.

Nina jiko la gesi. Bibi analiangalia kwa mashaka, anasema huo moto hauna harufu, utajuaje kama chakula kimeiva. Jioni alikaa mlangoni akisubiri mtu aje kuomba moto. Hakusema, lakini nilimwona. Mjini watu hawaombani moto.

Jumatatu, 22 Septemba

Macho yake yanasafishika. Leo asubuhi weupe wa jicho umeonekana. Masanja kaja kumsalimia akasema bibi amekuwa msichana. Bibi kacheka.

Mimi nimekasirika na sijui nimwambie nani. Akirudi na macho meupe watasema ametakaswa. Atakuwa salama kwa sababu macho yamebadilika, wao je, wamebadilika? Na mama Shija naye anapikia miti ya pamba. Na wanawake wote wa pale kwenye pampu. Zamu zao zinakuja, moja moja, kadiri wanavyozeeka.

Nimejaribu sura ya mwisho na kuichana. Nimejaribu tena. Kwenye mapicha ya kutisha, zimwi likishaonekana vizuri woga unapungua. Unaona mpira, unaona rangi, unajua kuna mtu ndani anatoka jasho. Waongozaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanalificha mpaka mwisho. Mimi nilificha nini? Nilificha jiko. Niliutoa moshi ili macho yabaki peke yake bila sababu. Ukitoa sababu, kitu chochote kinatisha. Hata bibi.

Jumatano, 24 Septemba

Nimeipata. Nimechora tangu alfajiri, Masanja kanihurumia kanipa likizo.

Hakuna neno hata moja. Msichana anawasha moto kwa miti ya pamba. Anapikia wadogo zake. Anaolewa, anapikia wakwe. Anapikia wanaume wanaotoka kulima. Anapika msibani. Mtoto wa mtu mwingine amekaa kwenye kigoda, anasubiri hadithi. Macho yake mwanzoni meupe, kisha mshipa mmoja mwekundu, kisha miwili. Kofia inakuja mwishoni, zawadi ya mtu. Na safari hii sikuacha nafasi nyeupe. Moshi unavuka mistari, unatoka kisanduku hadi kisanduku, umejaza kurasa zote. Msomaji hana pa kuingizia kitu chake.

Bibi alikuwa nyuma yangu akiangalia. Akanisahihisha mafiga, nilikuwa nimeyapanga vibaya.

Nimetuma Dar.

Alhamisi, 25 Septemba

Jibu limekuja. "Kazi nzuri sana Minza. Ila kikongwe anakufa lini?"

Nikaandika, hafi, anapika.

Akapiga simu kabisa. Alinisihi kwa heshima. Wasomaji wanasubiri moto, wamesubiri mwezi mzima. Nikasema moto upo, uko kwenye mafiga. Hakuona kichekesho. Mwisho akasema hadithi itakatwa hapo ilipofika na sura hii haitatoka, na nikiwa na hadithi nyingine nimtafute. Tukaagana vizuri.

Miaka yote nilitamani mtu wa Dar ajue jina langu. Alilijua. Inauma, nisidanganye.

Jumamosi, 27 Septemba

Bibi kafunga mzigo wake mwenyewe. Kuku wake watasahau sauti yake, anasema. Sikuweza kumbishia. Tumerudi Lalago pamoja, na kurasa zangu kwenye bahasha.

Nimezibandika ukutani kwenye mashine ya kusaga, kwa ruhusa ya mwenye mashine, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye mizani. Ule ukurasa wa zamani nikauacha ulipo. Sasa ni wa mwisho kwenye mstari. Ukitaka kumfikia kikongwe wa kwenye uzio lazima upite jikoni kwanza.

Nikakaa juu ya gunia kama mtu anayesubiri unga. Wanaume walitazama wakapita. Wanawake walisimama. Mmoja akamwonyesha mwenzake mafiga. Mwingine, kijana kuliko mimi, akafika kwenye ukurasa wa mshipa mmoja mwekundu akasimama hapo, ndoo kichwani. Akagusa jicho lake, halafu akaondoa mkono haraka kama vile kuna mtu anamwona.

Mama Shija alikuja jioni jioni. Alitazama yote. Hakunitazama mimi. Akachukua unga wake akaondoka.

Jumanne, 30 Septemba

Nipo bado. Nimemwomba Masanja wiki moja. Kaniambia niongeze siku, ila kompyuta imemshinda.

Hakuna lambalamba aliyekuja. Watoto wamepunguza wimbo. Hakuna anayeomba moto. Bibi kila jioni anafukia kaa kwenye majivu, kwa ajili ya atakayekuja, na asubuhi analikuta limekuwa jivu na lenyewe. Anatia matone yake kwa adabu halafu anaingia jikoni. Nikimgombeza ananiuliza kama nitakula matone.

Basi nimeingia naye. Napuliza, nakohoa, anacheka.

Jumapili, 5 Oktoba

Siku tulivu. Asubuhi kanisani, mchana tumeanika michembe.

Jioni tulikuwa jikoni wote wawili, mimi nasonga, yeye ananielekeza. Miti ya pamba imeanza kuisha, tumechanganya na samadi. Kivuli kikaingia mlangoni. Mama Shija, kigae mkononi.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila."

Akatazama macho ya bibi. Kisha yangu. Alikawia kwenye yangu. Ya kwake yalikuwa yanatoka machozi, kwa huo huo moshi wetu. Akasema wake umezimika, anaomba moto.

Bibi alifukua majivu akamchagulia kaa kubwa, lile la katikati. Mama Shija hakukaa. Zamani angekaa. Alifunika kigae kwa jani akavuka uzio upesi, na baada ya muda moshi ukaanza kupanda upande wao.

Bibi kafukia makaa yaliyobaki, kisha kaniuliza kwa nini ugali unaungua.

Baada ya kula nilifungua kamera ya simu nikajitazama macho. Mekundu yote mawili. Nimejichora nyuma ya bahasha, na kishungi cha moshi nyuma ya kichwa. Kalamu nyekundu sikuja nayo. Kesho narudi Bariadi, Masanja ana picha nyingi za pasipoti za kukata.